Kukonda Si Uzee: Somo la Lishe ya Wazee kwa Wakazi wa Kyela

Katika vijiji vingi vya Wilaya ya Kyela, mzee anapoanza kukonda maelezo hupatikana upesi: ni uzee. Jirani husema hivyo, mtoto aliyerudi kutoka mjini husema hivyo, na mara nyingi mzee mwenyewe huafiki. Neno hilo likishatamkwa, hakuna anayeuliza mzee alikula nini jana, alikula kiasi gani, wala alikula na nani.

Somo hili linahusu maswali hayo matatu. Uzee hubadili mwili, lakini uzee peke yake haumpokonyi mtu kilo saba katika miezi mitano. Kukonda kwa namna hiyo kuna sababu, na katika nyumba nyingi sababu hiyo inaweza kuonekana, kupimwa na kurekebishwa kwa vyakula vinavyolimwa, kufugwa au kuvuliwa hapa hapa, kuanzia mashamba ya Ipinda na Makwale hadi ufukwe wa Matema na Mwaya.

Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee takriban milioni 2.5 nchini, sawa na asilimia 5.6 ya watu wote. Mafunzo mengi ya lishe, kwa sababu zinazoeleweka, huelekezwa kwa mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano. Matokeo yake ni kwamba katika nyumba ileile mtoto hupimwa uzito kila mwezi, na babu yake huweza kukaa miaka kumi bila kukanyaga mzani.

Kinachotokea mwilini

Misuli ya binadamu huanza kupungua mapema kuliko wengi wanavyodhani. Baada ya umri wa miaka 30, mtu hupoteza wastani wa asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 60. Misuli ndiyo inayomwinua mzee kutoka kitandani, kumfikisha chooni usiku na kumzuia asianguke anapojikwaa. Misuli pia ni akiba ya protini ambayo mwili huitumia unapopambana na malaria, homa ya mapafu au kidonda. Mzee mwenye akiba ndogo huugua kwa muda mrefu na hupona polepole.

Wakati huohuo, hamu ya chakula hushuka. Ulimi na pua hupunguza uwezo wa kutambua ladha na harufu. Meno hung'oka, na mzee huacha kwanza vile vinavyotafunwa kwa shida: nyama, karanga, mahindi ya kuchoma, matunda magumu. Kiu nayo hupungua, hivyo mzee huweza kuishiwa maji mwilini bila kuhisi kiu, hasa katika joto la bondeni. Hapo ndipo penye mtego wa lishe ya uzeeni: mzee huhitaji chakula kidogo zaidi kwa kujaza tumbo, lakini mahitaji yake ya protini, madini na vitamini hayapungui. Kila tonge analokula linapaswa kubeba virutubishi vingi kuliko tonge la kijana.

Uhusiano kati ya chakula na nguvu za mzee uliwahi kupimwa katika ardhi ya Tanzania. Katika miaka ya 1990, watafiti walipima wakimbizi wazee zaidi ya 800 kutoka Rwanda, wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, waliokuwa wakiishi kambini wilayani Karagwe, mkoani Kagera. Walipima uzito, urefu na nguvu ya mkono wa kila mmoja katika kukaba kifaa maalumu. Wale waliokuwa na lishe duni walikuwa na mkono dhaifu zaidi, hata walipolinganishwa na wenzao wa jinsia moja, umri uleule na urefu uleule. Kwa maneno mengine, umri haukutosha kueleza udhaifu ule. Lishe nayo ilikuwa na sehemu yake. Mkono usioweza kukaba kifaa cha mtafiti hauwezi pia kukaba mpini wa jembe, ndoo ya maji wala fimbo ya kutembelea.

Ghala limejaa, sahani ina upungufu

Kyela si wilaya ya njaa. Mchele wake unajulikana katika masoko ya nchi nzima. Kuna kakao, ndizi, mihogo, mahindi, michikichi, maembe na parachichi. Kuna ng'ombe na kuku, na Ziwa Nyasa limejaa samaki, wakiwamo usipa na mbasa. Ni rahisi kuamini kwamba mahali kama hapa hapawezi kuwa na utapiamlo wa wazee.

Hesabu ndogo inaonyesha jinsi unavyoingia. Wataalamu wa lishe hupendekeza mzee apate gramu 1 hadi 1.2 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mzee wa kilo 50 anahitaji basi gramu 50 hadi 60. Tuchukue siku ya kawaida ya mzee huyo: asubuhi chai ya rangi na vipande vya muhogo, mchana sahani ya wali na mchuzi mwepesi, jioni sahani nyingine ya wali na mboga kidogo. Gramu 100 za mchele mkavu zina protini gramu 7 hivi. Sahani mbili humpa gramu 14, na muhogo humpa 2 au 3. Jumla ni gramu 17, yaani theluthi moja ya anachohitaji. Mzee huyo ameshiba. Hakuna siku aliyolala na njaa. Lakini mwili wake unakula misuli yake yenyewe ili kufidia pengo.

Kuna sababu ya pili, nayo ni soko. Mchele, kakao, samaki wakubwa, mayai na maziwa ni mali zinazouzika haraka. Familia yenye ada ya shule ya kulipa huuza kilicho bora na kubakiza kinachojaza tumbo. Uamuzi huo si wa kulaumiwa, lakini mara nyingi unaoumia ni mlo wa mzee, kwa kuwa yeye halalamiki. Hali huwa nzito zaidi kwa bibi anayelea wajukuu walioachwa na wazazi waliofariki au waliokwenda kutafuta maisha. Chungu kikiwa kidogo, bibi huwapakulia wajukuu kwanza, na yeye humalizia ukoko na chai.

Pombe nayo hupunguza mlo. Kibuyu cha kimpumu hutuliza njaa kwa saa kadhaa na humfanya mzee aone kwamba hahitaji chakula. Mzee anayekunywa kila siku na kula mara moja hukonda hata kama nyumbani kwake kuna kila kitu.

Nani anaiona sahani ya mzee?

Wanyakyusa wana historia ndefu ya kula pamoja. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi katika eneo hili na mumewe Godfrey Wilson katika miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1951 kitabu kuhusu vijiji vya marika vya Wanyakyusa. Alieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyotoka kwa baba zao na kuanzisha kijiji chao, jinsi walivyokwenda kula kwa kundi kwa mama wa kila mmoja kwa zamu, na jinsi wanaume walivyoendelea kula na marika wao hata utu uzimani. Kujumuika huko, ambako kwa Kinyakyusa huitwa ukwangala, kulihesabiwa kuwa sehemu ya utu. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka.

Leo vijiji vya marika havipo tena, na marika wengi wa mzee wa miaka 80 wamekwisha kutangulia. Mzee hula peke yake, katika nyumba yake ndogo nyuma ya nyumba ya mwanawe. Jambo hilo lina uzito wa kilishe, kwa sababu mtu anayekula na wenzake hula zaidi na huchukua muda mrefu mezani kuliko anayekula mpweke.

Desturi nyingine ya heshima inahitaji kuangaliwa kwa makini. Kwa mila, mke wa mtoto hujiepusha na baba mkwe wake. Hakai naye wala hamwandalii ana kwa ana. Katika baadhi ya nyumba heshima hiyo bado inashikwa. Anayepika, kwa hiyo, si anayeona chakula kikiliwa. Sahani hupelekwa na mjukuu na hurudishwa na mjukuu.

Mfano ufuatao ni wa kufundishia, lakini wengi watautambua. Babu mwenye urefu wa mita 1.62 alikuwa na uzito wa kilo 54. Mkwewe alimpikia kila siku bila kukosa, na kila siku sahani ilirudi tupu. Alifurahi kwamba baba mkwe anakula vizuri. Babu, aliyebakiwa na meno manne, alikuwa akimega tonge chache laini, kisha akimwita mjukuu amalizie, na mabaki akiwatupia kuku. Aliona aibu kusema kwamba hawezi kutafuna, kwa kuwa angeonekana analalamikia mapishi ya mkwewe. Baada ya miezi mitano alianguka akielekea chooni. Alipopimwa zahanati alikuwa na kilo 47. Kila mtu katika nyumba hiyo alitimiza wajibu wake. Aliyekosekana ni mtu mmoja wa kutazama.

Heshima haihitaji kuvunjwa ili kulitatua hilo. Familia inaweza kumteua mtu ambaye mila inamruhusu kukaa na mzee, awe mtoto wake wa kumzaa, mjukuu mkubwa au mdogo wake, ale naye angalau mlo mmoja kwa siku na kumweleza mpishi kwa ukweli ni nini kilichobaki. Wazee wawili wanaoishi jirani wanaweza pia kulia pamoja, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Huo utakuwa ukwangala uleule wa zamani katika umbo linalowezekana leo.

Vipimo vinne vya nyumbani

Dalili za utapiamlo kwa mzee huanza kimyakimya. Familia inaweza kuzitambua kwa vipimo vifuatavyo, ambavyo havihitaji mtaalamu.

1. Nguo na mkanda. Suruali iliyoanza kuteleza, tundu jipya la mkanda, pete inayovuka kidole na meno ya bandia yanayocheza ni habari za awali kwamba uzito umeshuka.

2. Uzito. Mzee apimwe mara moja kwa mwezi kwa mzani uleule, akiwa amevaa nguo nyepesi, na tarakimu iandikwe. Kupoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi mitatu, au asilimia 10 ndani ya miezi sita, bila mtu kukusudia, ni sababu ya kwenda zahanati. Kwa mzee wa kilo 50, asilimia 5 ni kilo mbili na nusu na asilimia 10 ni kilo tano. Babu wa mfano wetu alipoteza asilimia 13.

3. Uwiano wa uzito na urefu. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likiwa chini ya 18.5, mtu ana uzito pungufu. Babu wa mfano wetu alikuwa na 20.6 alipokuwa na kilo 54. Alipofika kilo 47 alikuwa na 17.9.

4. Kamba ya kigimbi. Kipimo hiki kinafaa mahali pasipo mzani. Ikatwe kamba isiyonyumbuka yenye urefu wa sentimita 31 kamili. Futi ya fundi cherehani itatosha kuipima. Mzee akae kwenye kiti, miguu ikiwa imekanyaga chini. Kamba izungushwe kwenye kigimbi, yaani mnofu wa nyuma ya mguu chini ya goti, mahali penye unene mkubwa zaidi, bila kubana. Ncha za kamba zikipishana, mzunguko wa kigimbi uko chini ya sentimita 31, na hiyo ni ishara kwamba misuli imepungua. Kipimo hiki hakitumiki kwa mzee mwenye miguu iliyovimba, kwani maji humfanya aonekane mnene. Uvimbe wenyewe ni sababu ya kumwona mganga.

Zaidi ya vipimo hivi, familia iangalie kama mzee anaweza kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono, na kama bado anafungua mfuniko wa chupa aliokuwa akiufungua mwaka jana.

Kujaza pengo kwa vyakula vya Kyela

Mwongozo wa kitaifa wa ulaji unagawa vyakula katika makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi, jamii ya kunde, karanga na mbegu, vyakula vya asili ya wanyama, mbogamboga, matunda, na mafuta. Sahani ya mzee wa Kyela kwa kawaida ina kundi la kwanza kwa wingi. Kazi iliyobaki ni kuongeza hayo mengine, kwa kiasi kidogo na mara nyingi.

Turudi kwa mzee wa kilo 50 aliyekuwa akipata gramu 17 za protini. Akiongezewa kikombe kimoja cha maziwa, mabichi yaliyochemshwa au ya mgando, hupata gramu 8. Maharage yaliyopikwa kutokana na gramu 75 za maharage makavu, yakigawanywa katika milo miwili, humpa gramu 16. Vijiko viwili vya chakula vya unga wa usipa humpa gramu 8 hadi 9. Jumla sasa inakaribia gramu 50. Yai moja, lenye gramu 6, humvusha mpaka. Wali haukuondolewa na hakuna kilichonunuliwa kutoka mbali.

Unga wa usipa unastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndio chakula cha bei nafuu chenye nguvu kubwa katika wilaya hii. Zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wadogo waliokaushwa vizuri ni protini. Huliwa na mifupa yao, hivyo humpa mzee pia madini ya kalisi yanayoimarisha mifupa. Tatizo la meno huondolewa na kinu. Utaratibu wake ni huu:

– Chagua usipa waliokauka vizuri, wasio na harufu mbaya wala ukungu. Ondoa mchanga na uchafu.
– Osha kwa maji safi mara mbili au tatu. Kama wamekaushwa kwa chumvi, waloweke kwa muda na kumwaga maji, hasa kwa mzee mwenye shinikizo la damu.
– Anika juani juu ya chanja au mkeka safi hadi wakauke kabisa, kisha wakaange bila mafuta kwenye sufuria kwa moto mdogo.
– Twanga au saga hadi upatikane unga laini, kisha uchekeche.
– Hifadhi katika chombo kikavu chenye mfuniko. Andaa kiasi cha wiki mbili au tatu kwa wakati mmoja.

Unga huu huchanganywa katika uji wakati wa kuupika, katika maharage yaliyopondwa, katika mchuzi, au katika mbalaga ya ndizi. Wavuvi wanafahamu kwamba usipa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na kwamba mbalamwezi ikiwaka samaki hupungua sokoni na bei hupanda. Familia yenye busara hununua na kusaga katika siku za wingi.

Mafuta ya mawese, yanayokamuliwa hapa wilayani, yana asili ya vitamini A yakiwa bado na rangi yake nyekundu. Kijiko kimoja katika mboga humwongezea mzee nguvu bila kumwongezea wingi wa chakula. Parachichi lililopondwa lina manufaa kama hayo na halihitaji meno. Kisamvu, matembele na majani ya maboga yapikwe hadi yalainike, lakini yasichemshwe kwa saa nyingi na maji yake kumwagwa.

Chai inahitaji neno lake. Wilaya jirani ya Rungwe hulima chai, na ni nadra kumkuta mzee wa Kyela asiyeinywa. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, na chuma kikipungua damu hupungua. Mzee asinyimwe chai yake. Anywe saa moja kabla au baada ya mlo. Mahali pake pachukuliwe na embe, pera au chungwa, kwani matunda hayo huusaidia mwili kuchukua chuma. Maji safi ya kunywa yawekwe karibu naye, na akumbushwe kunywa vikombe sita hadi vinane kwa siku hata kama hana kiu.

Mzee asiyeweza kumaliza sahani kubwa apewe milo midogo mitano badala ya mitatu. Mzee mwenye kisukari au ugonjwa wa figo apate kwanza ushauri wa mtoa huduma za afya, kwa sababu mahitaji yake ya protini na wanga ni tofauti.

Miezi ya kuangalia zaidi

Mvua kubwa za masika, hasa mwezi Aprili na Mei, hujaza mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, na maeneo ya bondeni hufurika. Barabara hukatika, visima huchafuka na akiba ya mavuno yaliyopita huwa imepungua. Kijana huvuka maji kwenda sokoni. Mzee hubaki na kilichomo ndani. Kuhara na malaria huongezeka katika kipindi hicho, na ugonjwa wa wiki moja unaweza kuondoa uzito ambao mzee ataurudisha kwa miezi mitatu.

Kabla ya masika, kila nyumba yenye mzee iweke kando debe lake la nafaka, maharage, unga wa usipa uliofungwa vizuri na chombo cha maji yaliyochemshwa. Viongozi wa vitongoji wanashauriwa kuwa na orodha ya wazee wanaoishi peke yao, ili wawe wa kwanza kufikiwa maji yanapopanda.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Chakula hakitibu kila kukonda. Kifua kikuu, Virusi vya Ukimwi, kisukari, saratani, kichocho, minyoo, na huzuni ya kufiwa huweza pia kumkondesha mzee. Baadhi ya dawa huondoa hamu ya kula. Apelekwe zahanati au kituo cha afya bila kuchelewa iwapo:

– amepungua uzito kwa viwango vilivyotajwa juu;
– ana kikohozi cha wiki mbili au zaidi;
– anapaliwa au anashindwa kumeza;
– miguu imevimba, au anachoka na kuhema kwa kazi ndogo;
– amekataa chakula kwa siku mbili au zaidi;
– amechanganyikiwa ghafla au ameanguka.

Tahadhari moja ni muhimu. Mzee ambaye hajala kwa siku nyingi asilishwe chakula kingi kwa mara moja. Mwili uliozoea njaa huweza kushtuka na moyo kudhurika. Aanze na kiasi kidogo cha uji mwepesi wakati anapelekwa hospitali, na waganga waongoze hatua zinazofuata.

Haki na huduma zilizopo

Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatambua haki ya mtu kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee. Sera ya Taifa ya Wazee inaelekeza kwamba wazee wasio na uwezo wapate matibabu bila malipo katika vituo vya umma. Mzee wa namna hiyo, au ndugu yake, aanzie kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji au kata ili atambuliwe, kisha afisa ustawi wa jamii ashughulikie utaratibu wa msamaha. Kaya zenye umaskini mkubwa hutambuliwa katika mkutano wa kijiji kwa ajili ya Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini unaosimamiwa na TASAF. Ni wajibu wa wanakijiji kuhakikisha kwamba mzee asiyeweza kutembea hadi mkutanoni anatajwa.

Kwa ushauri wa ulaji, wakazi wamwone afisa lishe wa wilaya, au wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaotembelea nyumba kwa nyumba. Mhudumu anapofika kumpima mtoto, familia isisite kumwomba ampime na babu.

Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wenye umri wa miaka 70 na kuendelea pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakikuwa kikubwa, lakini kilimpa mzee fedha aliyoweza kuitumia kwa uamuzi wake mwenyewe. Nyumba za Kyela zinaweza kujifunza jambo hilo bila kusubiri pensheni: mzee mwenye shamba la kakao au mpunga aulizwe kabla mazao yake hayajauzwa yote, na sehemu ya fedha hiyo irudi katika sahani yake.

Maswali ya kujadili katika familia na mabaraza ya wazee

1. Katika nyumba yenu, nani anajua kwa hakika mzee alikula nini jana jioni?
2. Mara ya mwisho mzee alipimwa uzito lini, na tarakimu iliandikwa wapi?
3. Katika makundi sita ya vyakula, ni yapi yaliyokosekana katika mlo wake wa jana? Ni yapi kati ya hayo yaliyopo shambani, ziwani au zizini kwenu?
4. Je, mzee ana shida ya meno au ya kumeza ambayo anaona aibu kuisema? Nani katika ukoo anaweza kumuuliza bila kumvunjia heshima?
5. Katika kitongoji chenu, ni wazee wangapi wanaokula peke yao, na ni wangapi kati yao wangeweza kulia pamoja?

Wazee husema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Ili wawepo mahali hapo, na wawe na nguvu za kulisema neno hilo, wanahitaji maharage yaliyolainishwa, kijiko cha unga wa usipa, na mtu wa kukaa nao hadi sahani iishe. Kamba ya sentimita 31 inaweza kukatwa jioni hii.